Kumi Bora Imeondoka, Sasa Tumpongeze Nani?

Kila matokeo ya Kidato cha Nne yanapotoka, lawama ni zilezile: NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, imewanyima watoto pongezi zao. Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza matokeo ya mtihani wa 2022 bila orodha ya shule kumi bora wala ya wanafunzi kumi bora, na wengi wakauchukua uamuzi huo kama dharau kwa waliokesha wakisoma. Kaimu Katibu Mtendaji wa wakati huo, Athumani Amasi, alitoa sababu mbili kubwa: watahiniwa hawasomi katika mazingira yanayofanana, na kuzitaja shule ni kuzipigia debe. Hii ya pili imejadiliwa hadi kuchosha. Ile ya kwanza ndiyo yenye uzito, na ndiyo tuliyoipita haraka.

Wanaotaka orodha irudi wana hoja. Msichana aliyetajwa wa kwanza kitaifa kwa ufaulu wa sayansi alikuwa jibu tosha kwa kila aliyedhani Fizikia ni ya wavulana. Walimu nao, ambao ni nadra kusikia asante, walipata siku moja ya kutajwa hadharani. Tena ushindani wa haki huwaamsha watu, na hilo halina ubishi.

Ila tujiulize orodha ile ilipima nini. Shule zilipangwa kwa wastani wa ufaulu, zile zenye watahiniwa 40 na zaidi zikitenganishwa na zenye pungufu ya hapo. Wastani hupanda kwa njia mbili: kufundisha vizuri zaidi, au kumwondoa anayeushusha. Chukua mfano wa kubuni, kwa hesabu nyepesi ya pointi za madaraja, ambako pointi chache ndizo ufaulu mzuri. Shule ina watahiniwa 45. Arobaini wamepata pointi 9 kila mmoja, watano wamepata pointi 24. Wastani ni kama 10.7. Wale watano wakiondolewa kabla ya usajili, wastani unakuwa 9 kamili, na hakuna mwalimu aliyeongeza hata kipindi kimoja. Na pointi 24 ni daraja la tatu. Watoto hao watano wamefaulu! Kosa lao ni kufaulu kidogo kuliko wenzao.

Hapo ndipo "wastani wa shule" ulipogeuka panga. Mtoto amevuka Upimaji wa Kidato cha Pili bila tatizo, Serikali imeridhika naye, lakini hajafikisha alama ambazo shule yake imejiwekea. Mzazi anaitwa ofisini na kuambiwa achague: mtoto akariri darasa au atafutiwe shule nyingine. Ada ameshalipa, sare ameshanunua, na mtoto amekaa pembeni anasikiliza watu wazima wakimjadili kama hasara. Wizara imewahi kuupiga marufuku mtindo huu. Sisemi kwamba orodha ya kitaifa ndiyo iliyouzaa, wala kwamba kuifuta kumeumaliza. Nasema kuingia kumi bora kulikuwa tuzo kubwa kuliko zote kwa shule iliyochuja watoto wake kwa ukali, na ilikuwa ikitolewa na taasisi ya umma.

Sasa mtazame mwanafunzi mwingine, wa shule ya kata ambayo walimu wa Hisabati hawatoshi na maabara ni chumba kitupu. Anapata B nne na C tatu katika masomo saba yanayohesabiwa. Hizo ni pointi 17, daraja la kwanza. Kwenye orodha ya kitaifa asingeonekana kabisa, maana huko kila mtu ana pointi 7, yaani A katika masomo yote saba. Ukiniuliza nani kati yao amepanda mlima mrefu zaidi, sitasita kujibu.

Na hapo bado tumo darasani. Kila mwaka vijana kutoka mikoa yote hukusanyika kwenye UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, iwe Mtwara au Tabora, kukimbia, kucheza netiboli, mpira wa wavu na mpira wa mikono. Wengine hupeleka tafiti zao kwenye maonyesho ya Young Scientists Tanzania, ambako mwanafunzi husimama mbele ya jaji na kueleza tatizo la kijijini kwao na namna alivyolipima. Matokeo yakitoka, hakuna anayewakumbuka. Nafasi ya Kidato cha Tano hutolewa kwa ufaulu wa masomo na tahasusi (mchanganyiko wa masomo anaoomba mwanafunzi), na medali ya riadha haiongezi kitu hapo. Tulikuwa na orodha moja tu ya mashujaa wa sekondari, nayo ilisoma karatasi za mtihani peke yake.

Kuna wanaosema uamuzi huu unaficha taarifa. Hilo si kweli. Matokeo ya kila shule yapo wazi kwenye tovuti ya Baraza, daraja kwa daraja, na mzazi anayetafuta shule anaweza kulinganisha mwenyewe. Wala ubora haujaacha kutuzwa: Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23, inawalipia chuo waliofanya vizuri zaidi katika sayansi Kidato cha Sita.

Lawama ninayokubaliana nayo ni tofauti: orodha iliondolewa na pengo likaachwa wazi. Kenya ilipofuta upangaji wa shule mwaka 2014, chini ya Waziri Jacob Kaimenyi, magazeti yaliendelea kutengeneza orodha zao, na hapa kwetu mabango ya shule na mitandao ya kijamii imefanya vivyo hivyo. Baraza lina takwimu za kila shule kwa miaka mingi. Lingeweza kutangaza shule zilizopunguza daraja sifuri kwa kasi, au zilizowapandisha wanafunzi wengi kutoka walivyokuwa Kidato cha Pili hadi Kidato cha Nne. Ukimtoa mtoto dhaifu, hesabu ya namna hiyo haikupi faida, kwa sababu huyo ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi ya kupanda.

Muda wa kulipanga hili si mrefu. Wanafunzi wa mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi, walioanza Kidato cha Kwanza Januari 2024 watafika Kidato cha Nne mwaka 2027, wakiwemo waliochagua michezo, sanaa na ufundi. Pointi 7 hazitatuambia ni nani kati yao aliyejenga ukuta ulionyooka.