Kikao cha Ukungu

Hivi mtu akiweka kopo la ua ndani ya nyumba yake mwenyewe, lazima ploti nzima ije kukagua? Mama watoto alilinunua kwa wauza miche wa Barabara ya Ngong, udongo mwekundu uliochanganywa na samadi. Sasa juu umeota kitu cheupe, manyoya manyoya kama ndevu za mzee, na amani imetutoka.

Mama Shiro wa ghorofa ya juu alichungulia, akaziba pua kwa leso. "Baba Kevo, hiyo si bure. Kuna mtu." Mtu gani, mama? Ni ukungu! Unakula majani yaliyooza na samadi. Mizizi mizima hauna habari nayo. Huko Murang'a shosho akifukua lundo la mbolea akakuta weupe kama huo, anafurahi, anajua kazi inaendelea.

Na utakosaje kuota? Julai hii ya Nairobi jua tumelisahau. Dirisha letu limetazamana na la jirani. Ukitaka chumvi, unanyoosha mkono tu. Upepo upite wapi? Halafu maji. Mfereji unatoka Jumamosi peke yake, mimi naogea nusu beseni, lakini ua! Mama watoto analinywesha asubuhi, Kevo anarudia akitoka shule, na anayeosha vyombo anamwaga humo masalio ya chai, majani na yote. Udongo haujakauka tangu uingie mlangoni. Mimi nikiomba kikombe cha pili naambiwa maziwa yameisha.

Dawa yenyewe haitaki mganga. Kwangua kwa uma, sogeza kopo penye mwanga, usimwagilie mpaka ukichomeka kidole kitoke kikavu. Nimesema, nani anasikia? Mama Shiro kashuka na mdalasini, kaunyunyizia udongo. Mdalasini, na bei ilivyo!

Kinachoniuma ni hiki: ukutani bafuni kuna ukungu mweusi tangu tuhamie, umepanda hadi dari, na watoto wanakohoa usiku. Huo haujaitiwa kikao. Juzi keateka, mwangalizi wa ploti, alipokuja kukodolea kopo macho, nikamshika mkono nikampeleka bafuni. Akautazama, akaukwaruza kwa funguo. "Hiyo ni rangi imechoka tu, mzee. Mwenye nyumba anajua."

Kisha akarudi sebuleni, akaomba akatiwe tawi moja la ua akapande pale getini.