Ruhusa ya Kuuza Nisichokuwa Nacho

Mtaani ukiuza kitu kisicho chako, unatafutwa na polisi. Kwenye soko la hisa unaletewa fomu. Unaazima hisa za mtu usiyemjua, unaziuza kwa bei ya leo, unaomba zishuke, unazinunua tena kwa bei ya chee, unazirudisha ulikoazima na chenji inabaki kwako. Isaac Le Maire alikuwa akiucheza mchezo huu Amsterdam mwaka 1609, akiilenga Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, mpaka mwaka uliofuata wakubwa wakapiga marufuku kuuza hisa ambazo mtu hana. Le Maire alipambana na dola. Mimi nilipambana na dirisha la huduma kwa wateja, na mke wangu.

Kampuni niliyoipania inatengeneza viatu vya michezo, na hisa zake zinauzwa Marekani. Sababu zangu zilikuwa za kitaalamu kabisa: kiatu changu cha kulia kilikuwa kimebanduka soli, kimeachama kama mamba. Mke wangu ana pea ya aina hiyohiyo, anakimbilia kila asubuhi, haijachomoka hata uzi. Tena ana hisa za kampuni hiyo, kwa dalali yuleyule ninayemtumia mimi.

"Chako kimebanduka kwa sababu unavua viatu kwa kukanyagia kisigino," alisema.

Nikamwambia mambo ya soko hayaendi kwa hisia. Nikafungua programu ya dalali kwenye simu, nikaandika hisa 10, nikabonyeza "Uza". Jibu likaja papo hapo: huna hisa za kutosha. Nikaingia dirishani kuwaeleza kwamba hilo nalijua, na ndiyo maana nauza.

"Ndugu mteja, akaunti yako ni ya fedha taslimu. Kwa unachotaka, inabidi uwe na akaunti ya mkopo, yenye dola 2,000 au zaidi, na uombe idhini."

Dola zilikuwemo, zimekaa kwa jasho la muda mrefu. Nikaijaza fomu. Kipato, mali, uzoefu, yote nikajibu bila kupepesa. Swali la mwisho likauliza lengo langu la uwekezaji: kulinda mtaji, kupata kipato, kukuza mtaji, au kubahatisha. Hivi kuna mtu mwenye akili timamu asiyetaka kulinda mtaji wake? Nikaweka tiki hapo.

Ombi likakataliwa.

"Majibu yako hayaendani na unachoomba," dirisha likaniambia.

"Sasa ulitaka nijibu nini?"

"Haturuhusiwi kumwambia mteja ajibu nini, ndugu mteja. Tunakuomba ujibu ukweli tu."

"Huo ndio ukweli."

"Basi limekataliwa kwa sababu ya ukweli." Akanyamaza kidogo, nukta tatu zikawa zinachezacheza kwenye kioo. "Ila malengo ya mteja huwa yanaweza kubadilika."

"Yanabadilika baada ya muda gani?"

"Hakuna muda maalumu."

"Basi langu limebadilika sasa hivi."

"Asante, ndugu mteja. Tafadhali bonyeza 'Sasisha'."

Nikawa mbahatishaji mwenye hati. Kilichofuata kilikuwa tamko la hatari, refu kama wosia wa tajiri, na kila aya ikidai tiki yake. Mke wangu akaja kusimama nyuma ya kiti, akawa ananisomea kwa sauti. Ukinunua hisa, bei haiwezi kushuka chini ya sifuri, kwa hiyo hasara yako ina mwisho. Ukiuza za kuazima, bei ikipanda haina dari, na wewe lazima uje uzinunue. Hisa za GameStop, kampuni ya Marekani ya maduka ya michezo ya video, zilianza Januari 2021 zikiwa chini ya dola 20. Tarehe 28 mwezi huohuo zikagusa dola 483, na waliokuwa wameziuza bila kuwa nazo walilia hadharani.

"'Naelewa kwamba hasara yangu haina kikomo,'" akasoma. "Wewe? Wewe unayeshuka kitandani kwenda kuhakikisha mlango umefungwa, halafu unarudi kuhakikisha tena?"

Nikaweka tiki. Idhini ikaja, na hongera juu yake.

Nikabonyeza "Uza" kwa mbwembwe. Safari hii nikaambiwa hisa hazipatikani kwa kuazimwa. Kumbe kuruhusiwa kuazima na kupata wa kukuazima ni mambo mawili. Tangu 2005 kanuni ya Marekani inayoitwa SHO inamtaka dalali, kabla hajauza kwa niaba yangu, awe na sababu ya msingi ya kuamini kwamba hisa zitapatikana. Watu wengine wenye viatu vibovu walikuwa wamewahi foleni. Nikawa naamka na simu, nalala na simu, mpaka asubuhi moja neno "hazipo" likageuka "zipo chache, kwa riba". Sikuuliza riba ya kiasi gani. Nikauza.

Raha ya ajabu! Kwenye akaunti yangu, penye idadi ya hisa, palikuwa pameandikwa kumi yenye alama ya kutoa, nyekundu. Chini yake, fedha za mauzo, naziona kwa macho na siruhusiwi kuzigusa. Kwa Kanuni T ya Benki Kuu ya Marekani zinabaki kuwa dhamana, na juu yake nilitakiwa niwe na nusu ya thamani ileile kutoka mfukoni mwangu. Yaani nimeuza, na fedha zimefungwa, zangu na za mauzo.

Siku ya kazi iliyofuata mke wangu akaja na simu yake, uso unameremeta.

"Baba watoto, hebu ona. Kuna mpango wa kukopesha hisa nilikubali zamani, wala sikumbuki lini. Wamekopesha zangu kumi. Nitakuwa napata riba kila siku! Sijui ni mjinga gani huyo."

Nikasema hata mimi simjui. Na kwa haki kabisa, hakuna wa kuthibitisha. Dalali anachukua hisa popote anapozipata, na kumi ni namba ya kawaida tu.

Bei ikawa inapanda taratibu, bila papara. Kisha kampuni ikatangaza gawio. Mimi nilikuwa nasubiri itangaze hasara. Kwa utaratibu, aliyeazima ndiye anayemlipa mwenye hisa gawio lake, kwa kuwa kampuni inamlipa yule aliyezinunua. Siku ya malipo akaunti yangu ikakatwa. Jioni hiyo mke wangu akatangaza mezani kwamba ameingiziwa "malipo badala ya gawio", akataja kiasi. Nikaangalia simu yangu chini ya meza. Kiasi kilekile, hadi senti.

Akaniona ninavyoangalia. Akaomba simu. Ile kumi nyekundu akaikodolea macho kwa muda mrefu, halafu akacheka mpaka akashika ukuta.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako, mume wangu."

Ningevumilia, maana nilishasoma kwamba soko linahitaji moyo. Lakini bei ilipofika pale alipopataka, yeye akauza hisa zake zote. Mkopeshaji akiuza, hisa zinaitwa zirudi. Dalali akatafuta nyingine za kuniazimia, akakosa, akanunua sokoni kwa fedha zangu, kwa bei ileile nono ambayo mwenzangu alikuwa anaisherehekea. Ujumbe ukanijia: nafasi yako imefungwa, idhini yako bado ni hai, tafadhali tathmini huduma yetu kwa nyota.

Mke wangu akauchukua ujumbe ule, akatoa nyota tano kwa niaba yangu, akanirudishia simu.

"Bado nina za kampuni nyingine mbili," akasema. "Ukitaka kuazima tena, njoo moja kwa moja kwangu. Fomu hakuna, na riba tutaelewana."