Kilichoko nyuma ya mtu

Ninapotazama picha, iwe ya kuchorwa kwa brashi au ya mitindo iliyopigwa kwa kamera, jicho langu humruka kwanza mtu aliye mbele na kwenda kukagua kilichoko nyuma yake. Marafiki hunicheka kwa tabia hiyo, wakisema kwamba mwanamitindo hakulipwa ili mimi nitazame ukuta. Hata hivyo, karibu kila picha ninayoipenda ina jambo nyuma ya mtu wake, na zile zinazonichosha aghalabu ni zile ambazo nyuma pamefutwa.

Wa kwanza kwangu ni mpiga picha Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio mwaka 1948, Mali ikiwa bado chini ya Wafaransa. Wateja wake hawakuwa wanamitindo bali watu wa mjini waliotaka picha nzuri ya kuwaonyesha jamaa, na bado sijaona picha za mitindo zinazozizidi zake. Aliwapiga uani kwa mwanga wa jua, mbele ya kitambaa, cha kwanza kikiwa tandiko la kitanda chake mwenyewe, na mwanamke alipokuja na gauni pana lenye nakshi, basi nakshi za nguo na za kitambaa zilikutana hadi ukalazimika kuutafuta mpaka kati ya mtu na pazia. Ungedhani mtu angepotea humo. Kumbe uso na mikono, ambavyo havina nakshi yoyote, ndivyo vinavyojitokeza kwa nguvu. Kwa kuwa alibadilisha kitambaa kila baada ya miaka michache, Keïta aliweza baadaye kutaja wakati picha ilipopigwa kwa kutazama kitambaa tu. Studioni mlikuwa pia na suti, saa, kalamu na redio za kuazima. Wapo wanaouita utaratibu huo udanganyifu. Mimi nauona kuwa haki ya mteja kuchagua aonekane vipi, na anayebisha afungue albamu ya harusi ya kwao.

Picha ya mpiga picha Mmarekani Richard Avedon ya mwaka 1955, ambamo mwanamitindo Dovima amesimama kati ya tembo wa sarakasi jijini Paris akiwa na gauni jeusi la Dior na mshipi mrefu mweupe, naipenda kwa kinyongo. Ngozi iliyokunjamana ya tembo inalifanya gauni lile lionekane laini kuliko maelezo yoyote ya mshonaji. Lakini miguuni mwa tembo mna minyororo, na nikishaiona siwezi tena kulitazama gauni peke yake.

Katika uchoraji, Edward Saidi Tingatinga alinifundisha kwamba nyuma panaweza kuwa patupu bila kuwa pamefutwa. Alipoanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi ya mafuta juu ya vipande vya hadbodi, mara nyingi aliweka mnyama mmoja juu ya rangi moja, na rangi hiyo ilikuwa na uzito sawa na mnyama. Nikipita Morogoro Stores, Oysterbay, naona picha nyingi za warithi wake zilizojaa twiga, mbuyu na Kilimanjaro kwa pamoja. Ufundi upo, ila mimi bado nachagua ule utulivu wa mwanzo. Sam Ntiro naye, katika mchoro wake wa mwaka 1956 wa wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, aliufanya usiku wenyewe kuwa mhusika.

Ndiyo maana picha nyingi za mitindo zinazopigwa jijini sasa hazinishiki. Mavazi ni mazuri, kitenge kimekatwa kwa akili, lakini mwanamitindo amewekwa mbele ya ukuta mweupe, au jiji limefifishwa nyuma yake mpaka halijulikani kama ni Posta au Nairobi. James Barnor, Mghana aliyepigia jarida la Drum picha katika miaka ya 1960, aliwapeleka wanamitindo weusi katikati ya London, kwenye njiwa wa Trafalgar Square, na jiji likasomeka pamoja na nguo. Sisi tuna kivuko cha Kigamboni, maghorofa ya zamani ya Wahindi mitaa ya Kisutu, na maduka ya kanga ya Mtaa wa Uhuru, ambako kitambaa kimetundikwa kutoka darini hadi sakafuni na mpiga picha hahitaji hata kubeba pazia.