Kazi bila daftari

Aprili ikiingia, kusi huanza kuvuma, mwani hujaa ufuoni na maji ya ghuba hugeuka rangi ya udongo kwa tope linaloletwa na mto Sabaki. Wageni wa Kiitaliano wamesharudi kwao. Hoteli za Malindi hupunguza watu, nyingine hufunga kabisa hadi mvua ziishe, na wafanyakazi wa msimu hurudisha sare na kwenda kungoja majumbani, Muyeye, Maweni, Ganda. Wako watakaoitwa Julai. Wako watakaoitwa Desemba. Na wako ambao simu zao hazitalia, wasijue kwa nini.

Kwa hiyo tathmini ya utendakazi katika mji huu si habari ya nyongeza ya mshahara wala cheo. Ni habari ya nani atakuwa na unga nyumbani Agosti. Ndiyo maana fomu ya tathmini, ile karatasi ya alama moja hadi tano ambayo msimamizi huijaza na mfanyakazi akatia saini, inachukiwa kiasi hiki. Barazani jioni nimesikia ikiitwa kitanzi. Mhudumu mmoja wa meza aliniambia, "Kaka, ile karatasi haijawahi kumpandisha mtu. Kazi yake kumshusha."

Nimeifikiria kauli hiyo mara nyingi. Sehemu kubwa ya lawama ni ya haki. Lakini naamini fomu inabebeshwa dhambi zisizo zake, na kile inachoweza kumfanyia mfanyakazi mdogo hakuna anayekisema, hata wale wanaomtetea.

Lawama zenyewe ni hizi. Fomu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na mtunza bustani aliyeacha shule mapema hutia saini asichokisoma. Hujazwa mara moja kwa mwaka, aghalabu wiki ya mwisho ya msimu, na msimamizi ambaye kichwani mwake limebaki kosa la juzi tu. Siku hizi maoni ya wageni mtandaoni nayo yameingizwa humo: mgeni akilalamika kwamba intaneti ilikuwa dhaifu, nyota za hoteli hupungua na anayeulizwa ni weita. Utafiti nao hauwapi raha wapenda alama. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi waliunganisha matokeo ya tafiti nyingi kuhusu kumwambia mtu jinsi anavyofanya kazi. Kwa wastani watu walipata nafuu, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo kazi ilizidi kuharibika, hasa pale maneno yalipoacha kazi yakamwingia mtu mwenyewe nafsini. Microsoft, iliyokuwa ikiwapanga wafanyakazi kwa madaraja yaliyolazimu baadhi yao wawe mkiani, iliuacha utaratibu huo mwaka 2013.

Sasa upande ambao hausikiki.

Nilitandika vitanda misimu minne katika hoteli moja ya hapa, zamani kabla fomu haijafika. Msimu wa tano sikuitwa. Miezi ilipita ndipo nikasikia kwa mtu kwamba msimamizi alisema mimi ni mzito. Mzito siku gani? Chumba kipi? Nani alilalamika? Hakukuwa na tarehe wala namba ya chumba, kwa hiyo hakukuwa na pa kushika nijitetee. Neno lilitoka kinywani likaingia sikioni mwa meneja, na kitanda changu kikatandikwa na jamaa wa msimamizi. Simlaumu sana yule jamaa, naye alikuwa na njaa yake. Ninachosema ni kwamba orodha ya kuitwa ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, na kichwa cha mtu hakikatiwi rufaa.

Waliokulia maduka ya pwani wanaijua methali ya mali bila daftari hupotea bila habari. Hakuna mwenye duka hapa anayekopesha kilo ya mchele bila kuandika. Lakini jasho la misimu kumi tunalikopesha kwa kuaminiana tu, halafu tunashangaa deni likikataliwa.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inasaidia, ila kwa kiasi chake. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri anayekusudia kumwachisha mtu kazi kwa utendakazi duni amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwapo mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Kifungu cha 43 kinamtwisha mwajiri mzigo wa kuthibitisha sababu hizo, na akishindwa, mahakama inaweza kumtoza fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Sheria hii ina meno kwa anayefutwa. Kwa asiyeitwa hali ni nyingine, kwa sababu kandarasi ya msimu ikifika tarehe yake imekwisha, na mahakama zetu kwa kawaida hazimwoni mtu kuwa na haki ya kuongezewa kandarasi mpya isipokuwa mwajiri mwenyewe amemjengea tumaini hilo. Wengi wa watu wa hoteli za Malindi wamesimama hapo, upande wa nje wa kifungu cha 41. Akitaka kuonyesha kwamba alistahili kuitwa, mtu huyu atashika nini mkononi kama si karatasi yenye alama na saini ya bosi wake?

Kuna kifungu kingine ambacho watu hukipita haraka, cha 51. Mfanyakazi akiondoka lazima apewe cheti cha utumishi. Ndani yake mna jina la mwajiri na anwani, jina la mfanyakazi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, aina ya kazi na mahali alipoifanyia. Basi. Sheria inasema waziwazi kwamba mwajiri halazimiki kuandika neno lolote juu ya tabia au utendakazi wa mtu. Mpishi wa miaka 12 na mpishi aliyechoma sufuria miaka 12 wanatoka getini na cheti kile kile. Virusi vya korona vilipofunga hoteli mwaka 2020, watu walikwenda kuomba kazi hadi nchi za Ghuba, Uarabuni, wakiwa na vyeti vya namna hiyo, tarehe mbili na jina la kazi. Angekuwa mtu na nakala za tathmini zake za kila mwaka, alama nne, alama tano, na mstari mmoja wa msimamizi kwamba huyu aliwafundisha wafanyakazi wapya wa jikoni kukata samaki, angeingia mlango wa hoteli ngeni akiwa na historia.

Halafu liko lile neno linalotuuma sisi sote, kwamba mtu wa pwani ni mvivu. Meneja anashuka kutoka kwingine tayari nalo, na jambo lolote linalochelewa humthibitishia. Neno hilo huishi vizuri mahali pasipoandikwa kitu. Daftari la miezi sita linaloonyesha saa ya kuingia na vyumba vilivyokabidhiwa lingelitesa kidogo.

Hapa ndipo wapinzani wa fomu wanapoleta silaha yao nzito, na nakiri imenikosesha usingizi. W. Edwards Deming, mtakwimu Mmarekani aliyekwenda kuwafundisha Wajapani mwaka 1950, na ambaye jina lake lilipewa tuzo ya ubora huko mwaka uliofuata, aliihesabu tathmini ya kila mwaka kuwa moja ya maradhi mabaya ya uongozi. Kwa makadirio yake, katika kila matatizo 100 ya kazini, 94 hutokana na mfumo, yaani ni wajibu wa wakuu, na 6 ndiyo yenye sababu za pekee. Hata hayo 6 hakusema yote ni ya mfanyakazi.

Tisini na nne! Ukiwa umewahi kusukuma kigari cha shuka kwenye ukumbi wa hoteli ya Malindi, namba hii inakuingia moyoni. Zamu yangu ilikuwa vyumba 14. Umeme ukikatika Baricho, kwenye mitambo inayotuletea maji, pampu zinasimama, na baada ya muda mabomba ya mji yanakauka, chumba hakioshwi. Mashine ya dobi ikiharibika shuka hazirudi, kitanda hakitandikwi. Mgeni akilala hadi saa saba mchana na kibao cha kutosumbuliwa mlangoni, unazunguka. Jioni msimamizi anaona vyumba vitatu havijakamilika na jina langu kando. Kumpa alama mbili mtu wa namna hii ni kumwadhibu kwa ukame.

Lakini nimeigeuzageuza namba hiyo na kila mara inanirudisha mahali pamoja. Kwanza, ni makadirio ya mzoefu, yeye mwenyewe alisema hivyo, wala hakuhesabu hoteli. Labda kwetu ni 80, labda 97. Nilijaribu kukumbuka zamu zangu mwenyewe nijue ni vyumba vingapi vilichelewa kwa maji, vingapi kwa dobi na vingapi kwa uvivu wangu. Sikuweza. Sina mahali pa kutazama, kwa sababu hakuna aliyeandika. Na Deming alikuwa mtu wa kumbukumbu na hesabu kuliko yeyote. Asingekubali meneja aseme tatizo ni la mfumo kwa kuhisi tu, kama asivyokubali aseme ni la mtu kwa kuhisi. Anayetaka kuonyesha kwamba makosa 94 ni ya mwenye hoteli lazima awe na daftari linaloyaonyesha.

Mama mmoja wa dobi aliliona hili kabla yangu. Aliandika kwenye daftari la shule la mwanawe kila siku mashine iliposimama, na ilisimama kwa saa ngapi. Alipopewa alama mbili za kasi, alilitoa kwenye kanga na kuliweka mezani. "Mwanangu, soma mwenyewe," akamwambia msimamizi, kijana wa umri wa wanawe. Alama ilibadilishwa. Angalikuwa na kinywa tu, angaliambiwa ana maneno mengi.

Na yale 6, tusiyafukie. Kila aliyefanya kazi hotelini anamjua yule anayejifungia bafuni na simu hadi wenzake wamalize. Vyumba vyake vinafanywa na mtu, na mtu huyo kwa kawaida ni mnyonge asiyejua kukataa. Tukisema kila kosa ni la mfumo, tunamwacha huyu mnyonge peke yake na vigari viwili.

Kwa hiyo ugomvi wangu ni na fomu ilivyo, si na kuwapo kwake. Fomu iwe ya Kiswahili. Ijazwe kila mwezi kwa dakika kumi, kazi ikiwa bado mbichi akilini, msimu usingojwe uishe. Kando ya kila alama kuwe na nafasi ya kuandika kilichozuia, maji, shuka, umeme, watu wachache, na safu hiyo msimamizi asiruhusiwe kuiacha wazi alama ikiwa chini ya tatu. Nyota za mtandaoni zitoke humo, isipokuwa mgeni ametaja huduma ya mtu waziwazi. Mfanyakazi abaki na nakala yenye saini mbili, aipeleke nyumbani.

Haya yote KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli, wanaweza kuyaweka mezani wanapojadiliana na wenye hoteli, na hayamgharimu mwajiri zaidi ya karatasi na dakika chache. Ila liko moja ambalo ningelitanguliza kuliko mengine. Wiki ya mwisho kabla ya hoteli kufunga, sare zikiwa bado miilini, orodha ya watakaoitwa ibandikwe ubaoni karibu na jiko la wafanyakazi, kwa mpangilio wa alama, na asiyeitwa aitwe ofisini kwanza aonyeshwe karatasi zake, akiwa na mwenzake pembeni.