Waandishi wa riwaya za kisayansi, iacheni zebaki iue polepole

Riwaya ya kisayansi yenye fumbo la uchafuzi wa mazingira huharibika pale mwandishi anapoipa sumu haraka. Mto unageuka kijani, moshi unang'aa usiku, mtu anakunywa maji jioni na alfajiri anavishwa sanda. Mpelelezi atapeleleza nini, na mhalifu keshajitaja? Buni mwaka, buni mitambo, buni hata serikali, kemia usiiguse. Zebaki haikuachii harufu wala rangi majini, na huanza kuumiza wakati aliyeimwaga ameshahama. Fumbo limo humo.

Tazama Minamata, Japani. Kiwanda cha Chisso kilianza kutengeneza asetaldehidi, kemikali ya viwandani, mwaka 1932 kwa kutumia zebaki kama kichocheo, na maji taka yakaishia kwenye ghuba. Paka wa wavuvi walitangulia kuyumbayumba na kupatwa na degedege. Tarehe 1 Mei 1956 mkuu wa hospitali ya kiwanda hichohicho, Hosokawa Hajime, aliripoti ugonjwa wa neva usiojulikana. Mwaka 1958 kiwanda kilihamishia maji taka kwenye mlango wa mto, na wagonjwa wapya wakaanza kujitokeza upande huo. Ramani na kalenda zilitosha kumaliza kesi. Hata hivyo serikali ilitaja chanzo rasmi Septemba 1968.

Sasa ihamishie hadithi kando ya Ziwa Victoria, upande wa Geita, mwaka wowote ujao. Mchimbaji mdogo wa dhahabu husaga mawe kwa karasha, huchanganya mchanga na zebaki inayonasa dhahabu, hukamua bonge linalopatikana kwa kitambaa, kisha hulichoma. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, hivyo huondoka kama mvuke na kuacha dhahabu. Mvuke huo huingia kwa mapafu, na kipimo chake ni mkojo. Ile inayobaki mchangani huteremka na mvua hadi kwenye tope lisilo na oksijeni, ambako bakteria huigeuza kuwa methilizebaki. Hii humfikia mtu kupitia samaki, na kipimo chake ni damu au nywele. Mpelelezi akipima mkojo wa mvuvi anayekula samaki, majibu yatatoka safi na kesi itafungwa kimakosa. Mtego kama huo unaweza kubeba nusu ya kitabu bila kubuni chochote.

Kuna kosa la samaki pia. Usimlishe mhusika sato kisha umwangushe kitandani. Sato mla mwani hubeba zebaki kidogo, ilhali sangara mkubwa, anayekula samaki wenzake, hubeba zaidi. Wala mpishi hawezi kumwokoa, kwa kuwa methilizebaki hushikamana na protini ya nyama yenyewe. Kukaanga au kukausha hakuiondoi.

Nywele zinastahili sura nzima. Hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo sentimita 9 za nywele za mama zinaweza kusimulia ujauzito wote. Shungi nene kama penseli hukatwa kisogoni, karibu kabisa na ngozi, na kufungwa uzi upande wa shina. Uzi ukikaa upande wa ncha, kalenda inageuka kinyume na mtu asiye na hatia anakamatwa. Maabara hukata vipande vya sentimita moja moja na kupima kila kimoja. Lakini nywele za mchoma dhahabu hunasa mvuke kwa nje; ukipima zebaki yote kwa jumla utadhani ameila. Lazima methilizebaki ipimwe peke yake. Na mwanafunzi aliyenyolewa kipara kwa amri ya shule? Kalenda yake haina hata mwezi mmoja. Katika hadithi ya kwetu hilo ni pigo halisi kwa upelelezi, na sijui kwa nini waandishi hawalitumii.

Minamata walikuwa na ushahidi mwingine: familia nyingi za Kijapani hukausha na kutunza kipande cha kitovu cha mtoto, na watafiti walipima zebaki humo miaka mingi baadaye. Kwetu kitovu huzikwa. Mwandishi akitaka mashine ya kubuni, basi aibuni hapa: kitu cha kusoma udongo ulipozikwa.

Na shahidi mkuu amweke ndani ya kiwanda. Mwaka 1959 Hosokawa alimlisha paka namba 400 chakula kilichotiwa maji taka ya asetaldehidi. Paka akaugua vilevile kama wavuvi. Kampuni ilimzuia kuendelea na matokeo yakafichwa. Alitoa ushahidi huo mwaka 1970, akiwa kwenye kitanda cha hospitali, mwaka huohuo aliofariki.