Mgeni Gani Anakaa Miezi Minane?

Mwisho wa Agosti kusi bado linavuma, ila ukali wa Julai umeshalitoka. Ndio wakati wangu wa kwenda hori ya Mida, Watamu, kutazama ndege.

Mida ni kujua maji tu. Ukifika yamekupwa utaona vidoa mbali kwenye tope. Yakishajaa, ndege wamekwenda zao kupumzika. Nenda yanapoanza kujaa, ujibanze kando ya mikoko, yatakusogezea ndege yenyewe. Jumamosi yalinisogezea kitwitwi mmoja, hatua kumi hivi kutoka nilipokaa. Mdomo mrefu, umepinda kidogo kwa chini. Tumboni bado ana mabaka ya rangi ya kutu, mabaki ya nguo ya harusi aliyoivaa Siberia.

Mzee mmoja mtega kaa akapita nyuma yangu. Nikamwamkia.

"Marahaba. Wawatazama Wazungu hao?"

Nilicheka, lakini neno lile limenikaa. Siberia ndege huyu hukaa kama miezi miwili tu, ataga, aangue, aondoke kabla baridi haijamkuta. Sehemu kubwa ya mwaka yuko Afrika, na wengi wa makinda hawarudi kaskazini mwaka wao wa kwanza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe analo usoni, na analimia tope letu mpaka Aprili! Mimi nadhani tunamwita mgeni kwa sababu inatufaa: tope likiwa la wageni, ni rahisi kuliita tope tupu na kukata mikoko yake.

Kesho yake nilikwenda mlango wa Mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi, ambako maji ni ya kahawia kwa udongo uliotoka bara kupitia Athi na Galana. Kule kuna wengine kabisa: ndege wa Madagaska, wanaoruka kama mbayuwayu wakidaka wadudu hewani. Hao huja karibu Aprili na sasa wanajiandaa kurudi kwao kuzaa, huku wa Siberia ndio kwanza wanatua. Nao wako kwenye fungu lile lile la mchanga. Nilianza kuwahesabu, nikafika mia tatu na kitu, mwewe akapita, wote wakaruka. Nikaanza upya.