Mtoto akiogopa fimbo yako hatakwambia kitu

Wazazi wengi hatupendi kusikia hili ila ndio ukweli, anayemharibu mtoto kingono mara nyingi ni mtu wa karibu kabisa. Ni mjomba, baba wa kambo, binamu aliyekuja likizo, mwalimu wa tuisheni, kiongozi wa dini, saa nyingine mtoto mwenzake aliyemzidi umri. Halafu sisi tunamwambia tu usiongee na watu usiowajua, basi tunajiona tumemaliza kazi.

Na msiniambie wangu ni wa kiume hana shida. UNICEF mwaka 2024 walikadiria kwamba wasichana na wanawake zaidi ya milioni 370 walio hai leo walibakwa au kushambuliwa kingono kabla ya miaka 18, kwa wavulana na wanaume ni kati ya milioni 240 na 310.

Mimi naona tunapokosea ni kwenye heshima tunayofundisha. Mtoto tangu anajifunza kuongea anaambiwa mkubwa habishiwi. Anakuja mgeni, mtoto hataki kukumbatiwa, kajificha nyuma ya mama yake, na mama anamsukuma, "nenda bwana, aibu za nini, si babu yako huyu!" Sasa hapo kajifunza nini jamani? Kwamba hata kama moyo wake unakataa, mkubwa akitaka yeye anatakiwa atulie tu. Mwacheni atoe mkono au aamkie kwa mdomo inatosha.

Sehemu za mwili mwambieni majina yake wakati wa kuoga, bila kunong'ona, maana mtoto asiye na jina la kitu atakwambiaje kimeshikwa? Na siri. Mtu mzima anayemwambia mtoto "hii yetu wawili, mama asijue" huyo muogopeni, hata kama ni pipi tu, kwa sababu wanaanza na pipi kupima kama mtoto ana mdomo.

Kwenye simu ndio usiseme. Mtoto anacheza gemu, anatokea mtu anajiita mtoto mwenzake, unacheza vizuri, una miaka mingapi, hapo nyumbani uko na nani, simu yako mama huwa anaishika? Baada ya siku kadhaa wamehamia WhatsApp, anaombwa picha ya kawaida, kisha nyingine, na akishatuma ile mbaya ndio vitisho vinaanza, tuma nyingine au naisambaza, na vijana wa kiume wengi wanadaiwa hela kabisa. Sasa huyu mtoto anajua akisema atapigwa na simu atanyang'anywa, unadhani atakuja kwako? Ataendelea kutuma. Mwambie mapema kabla hakijatokea chochote, hata kama umeshatuma njoo, sikupigi, tutalimaliza pamoja. Na akija kweli usimpige! Msilipe, msifute zile meseji, pigeni skrinishoti, mbloku huyo mtu, nendeni polisi.

Mabadiliko nayo msiyapuuze, mtoto aliyeacha kukojoa kitandani ameanza tena, au analia kila akiambiwa aende kwa fulani. Muulize kwa upole, ukiwa naye peke yenu.

Akisema, mwambie nakuamini, sio kosa lako, umefanya vizuri kuniambia. Usimhoji mara kumi kumi. Kama ameingiliwa usimuogeshe hata kama roho inakuuma, nguo alizovaa ziweke kwenye mfuko wa karatasi sio wa plastiki, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya HIV zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na zikiwahi zaidi ndio bora.

Halafu kile kikao cha ukoo cha kusema tuyamalize nyumbani tusiaibishane, usikikalie. Huko hakuna anayemuuliza mtoto anataka nini, na aliyemuumiza jioni anakula meza moja naye. Peleka kesi, mashangazi watanuna, shemeji ataacha kupokea simu zako, waache wanune.